Miwani ya Kadi, Miwani ya Sokoni

Jiwe la sabuni la Kisii, nchini Kenya, huchimbwa Tabaka, jirani na Nyamarambe, na hupita mikono mingi kabla ya kufika madukani. Mmoja huchonga kwa panga na kisu, mwingine hulainisha kwa maji na msasa, wa mwisho huchora nakshi kwa ncha kali. Huyu wa mwisho anaishi kwa macho yake. Akishapita miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na ile mistari myembamba huanza kumpotea.

Huyo fundi, mara nyingi, hana bima ya kumnunulia miwani. Mwalimu wa mwanawe anayo.

Walimu wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) walitibiwa kwa miaka kupitia mpango wa bima wa kampuni ya Minet, kisha Desemba 2025 wakahamishiwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Bima za waajiri kwa kawaida humpangia mwanachama vituo vya kwenda, kikomo cha fedha na muda wa kungoja kabla ya kubadilisha miwani. Hata hivyo humfikisha kwa mpimaji, na hilo si jambo dogo. Jaribio kubwa la shirika la RAND huko Marekani, lililoanza miaka ya 1970, liligundua kwamba matibabu ya bure hayakubadilisha sana afya ya watu wengi, lakini macho yalikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyonufaika: waliotibiwa bure waliishia kuona vizuri zaidi kwa miwani.

Gharama ina hadithi nyingine. Mwenye duka la miwani akijua kikomo cha kadi ya bima, ana kila sababu ya kuisogeza ankara hadi pale juu, na mteja habishani kwa kuwa hatoi pesa mfukoni. Manung'uniko huanza anapoambiwa fremu aliyoipenda imezidi kikomo na aongeze mwenyewe, au angoje idhini huku nauli ya matatu ya kwenda Kisii mjini imeshaliwa.

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya awali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa fundi anayelipwa kwa kipande, mchango wa mwaka mzima unaodaiwa kwa mkupuo ni mzigo.

Na bado yeye ndiye ambaye miwani ingemlipa haraka zaidi. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha ongezeko la uchumaji wao likizidi la wenzao wasiopewa kwa takribani asilimia 22. Wakulima wa chai wa Nyamira, kaunti jirani na Kisii, wanastahili kuzisikia habari hizo.

Bei pekee haimwamshi mtu kwenda hospitali. Katika jaribio la shule 50 za Trans Nzoia, wazazi walipoonyeshwa kwa picha jinsi mtoto anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika. Bila hayo walifika asilimia 22.

Fundi wa Tabaka kwa sasa hujaribu miwani ya sokoni, moja baada ya nyingine, mpaka herufi zitulie. Lenzi mbili za miwani hiyo zina nguvu sawa, ilhali macho yake huenda hayalingani. Na muuzaji hapimi presha ya macho, ugonjwa unaoweza kula mishipa ya fahamu ya jicho bila maumivu, na kinacholiwa hakirudi.