CHOMBO KIFUATE MKONO WA FUNDI



Fundi akihamishwa mashine, kazi yake ya kwanza ni kupanga vyombo: nyundo hapa, spana pale. Hafanyi hivyo kwa maringo, bali ili mkono usipoteze wakati. Kompyuta nayo ni mashine ya kazi, na sharti lake ni hilo hilo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa ofisi ya tawi mjini Lilongwe, au kijana wa Dzaleka mwenye kompyuta ya mtumba, kununua mpya ni mzigo. Njia iliyopo ni kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Aina zake nyingi, kama Ubuntu, hutolewa bila malipo.

Hapo ndipo ugeni unapoanza. Linux ina sheli. Sheli hii si ile ya kuuzia petroli. Ni programu inayopokea amri unazoandika na kuzitekeleza. Iliyoenea sana ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Aliyezoea amri za Windows atakuta del imekuwa rm, copy imekuwa cp, na cls imekuwa clear.

Tusikate tamaa. Kila unapofungua dirisha la amri, Bash husoma faili ya maandishi iitwayo .bashrc. Kwanza weka nakala yake, kisha ifungue:

cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani
nano ~/.bashrc

Mwishoni ongeza mistari hii:

# kusafisha kioo
alias cls='clear'
# kwenda kwenye folda ya michango
alias michango='cd ~/michango'
# kuulizwa kabla ya kufuta
alias rm='rm -i'

Hifadhi, funga, halafu andika: source ~/.bashrc

Sasa cls itafanya kazi kama zamani, na neno michango litakupeleka kwenye folda ya michango ya wanachama, mradi umeshaitengeneza. Mstari wa mwisho ndio mlinzi. Faili iliyofutwa kwa rm haiendi kwenye pipa la taka, imekwenda. Daftari la ada likipotea, mwanachama aliyelipa atathibitisha kwa nini? Lakini angalieni: mlinzi huyu yuko kwenye mashine yako tu. Kwenye mashine ya mwenzako rm inaweza kufuta bila kuuliza.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa ndugu zetu wa Dzaleka, wilayani Dowa. Mahali hapo palikuwa gereza, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Vijana wake wamejifunza kuandika programu. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, ni mmoja wa waliowafundisha wenzao. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warudi kambini. Duka halibebeki mgongoni. Faili ya .bashrc ni ndogo kuliko barua: inakaa kwenye flashi, na mashine nyingine yenye Bash ikiipokea, vyombo vyako vyote vimepangwa tena. Jina lake huanza kwa nukta, hivyo hufichika. Andika ls -a utaiona.

Neno la mwisho kwa makatibu wa matawi. Mistari inayoanza na alama ya # haisomwi na mashine. Ni ya binadamu. Andikeni hapo kwa Kiswahili kila amri inafanya nini. Chombo kinachoeleweka na mtu mmoja tu humfanya huyo mmoja kuwa bwana wa wengine. Chombo kinachoeleweka na wote ni mali ya chama.