Selimundu: Nusu ya Baba, Nusu ya Mama

Katika vikao vya kusuluhisha wanandoa tunavyoketi, kuna kauli tunayoisikia mara kwa mara: mtoto huyu kayatoa maradhi kwa mamake. Mtoto kazaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli, na mavyaa na mawifi wamekwisha kuhukumu kabla ya tabibu kusema neno. Wako wanawake waliopewa talaka kwa kauli hiyo. Tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji hakika ya ugonjwa huu, kwani kutojua kunakozaa dhuluma hii ndiko hukohuko kunakowapoteza watoto.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na za mviringo, hupenya katika mishipa myembamba zikipeleka oksijeni kila pembe ya mwili. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo huwa ngumu na kupinda mfano wa mundu, na ndipo jina lilipopatikana. Chembe nzima huishi siku zipatazo 120, ilhali iliyopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Hivyo mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huingia umanjano. Na chembe hizo zinapokwama mishipani, damu haipiti, na hapo huja maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Kwa mtoto mchanga, dalili ya mwanzo mara nyingi ni kuvimba vidole au viganja na nyayo.

Ugonjwa huu haurithiwi kwa mzazi mmoja. Mtoto huwa mgonjwa pale tu anapopokea jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Aliyepokea kwa upande mmoja huitwa mbebaji, naye huishi salama hata uzeeni bila kujijua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili katika nne za mtoto mbebaji, na moja katika nne ya mtoto asiye na chochote. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Watoto watatu wazima si dhamana ya wa nne. Basi mume anayemnyooshea mkewe kidole na ajue kwamba nusu ya maradhi yale imetoka kwake.

Wala hii si laana, wala si mkono wa jini. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea utabibu, alipima damu za watu wa nchi hii, akaona jeni hii imeenea zaidi huku pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mbebaji hukingika kwa kiasi na malaria kali. Palipo na malaria nyingi, ndipo wabebaji waliposalimika wengi. Lakini tutanabahi: kinga hiyo ni ya mbebaji. Mgonjwa mwenyewe, malaria humuangamiza upesi.

Sasa tuje kwenye jambo tunalotaka wazazi walishike. Wengi humkimbiza mtoto hospitali siku ya maumivu, na maumivu yakitulia, kadi ya kliniki hurudishwa kabatini. Hali ya kuwa linalomhifadhi mtoto ni lile linalofanywa siku alizo mzima. Wengu wake huharibika mapema, na kwa hivyo vijidudu humshambulia kwa wepesi. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi afikapo umri wa miaka 5. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maambukizi makali kwa asilimia 84. Huongezewa chanjo zote, ikiwemo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, vidonge vya foliki, dawa ya kuzuia malaria, chandarua, na maji ya kunywa kwa wingi.

Kisha iko haidroksiurea, dawa ya kumeza inayozuia chembe kupinda. Kwa kuwa hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za damu, wazazi wengine huiogopa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto wa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo. Lakini huweza pia kuzishusha chembe za damu kupita kiasi, kwa hivyo haimezwi bila ya kupimwa damu mara kwa mara. Na mwanamke anayekusudia kushika mimba amweleze daktari kwanza.

Homa ya mtoto huyu haingojewi asubuhi; ni hospitali saa ileile. Vivyo hivyo akivimba tumbo ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu huku akipauka, akipumua kwa shida, au akilegea upande mmoja wa mwili.

Katika Ramadhani, ukosefu wa maji huweza kuamsha maumivu. Aliyeambiwa na tabibu kwamba saumu itamdhuru, sheria imempa ruhusa. Na maadamu ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka, hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Asilazimishwe kwa kuonewa haya. Dua na kisomo tusiviache, lakini visichukue nafasi ya dawa, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu.

Tunawausia pia wanaoposana, hususan watoto wa ami na wa khali, wapime himoglobini kabla ya akdi. Saudia imewataka wachumba kupima tangu mwaka 2004. Majibu hayaharamishi ndoa. Huwafungua macho wawili wale wakaamua kwa kujua.

Kwa akina baba tuna neno moja. Ukenda kliniki utaona mabenchi yamejaa akina mama peke yao. Mtoto ni amana ya wawili, na damu yake imetoka kwa wawili. Siku ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, baba naye ambebe mtoto, asimame foleni, na amsikilize daktari kwa masikio yake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu, na azijaalie nyumba zetu rehema. Amin.