Udugu wa Trekta Kuukuu

Wahenga walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Methali hii aghalabu hutajwa pale vijana wanapowadharau wazee, lakini sijui mahali inapothibitika waziwazi kuliko katika karakana za jua kali za Kitale na Bungoma. Huko, matrekta yaliyoundwa kabla ya wanafunzi wetu kuzaliwa, na wakati mwingine kabla ya walimu wao kuzaliwa, yangali yanalima. Anayeifuata barabara itokayo Kitale, akapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha akaelekea Bungoma, hakosi kuyaona: hapa Massey Ferguson ambayo wekundu wake umechujuka, pale Ford ya samawati isiyo na boneti, zikivuta plau au tela la miwa kama kwamba miaka sitini si kitu.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, watu wanaopenda matrekta ya zamani wana vyama vyao. Hukusanya yaliyotupwa, yakiwemo yale madogo ya bustani, huyasafisha, huyapaka rangi upya na kuyapeleka kwenye maonyesho. Mara nyingi trekta la namna hiyo halilimi tena, kwani kazi yake ni kutazamwa. Kwetu mambo ni kinyume. Anayefufua trekta kuukuu hulifufua kwa sababu mvua ya Machi haimsubiri mtu, na mahindi yasipopandwa mapema hayamngojei mwenye visingizio. Hata hivyo, kuna jambo moja linalowaunganisha wastaafu wa Uingereza na mafundi wa Kitale, nalo ni udugu. Ni udugu huo, mpenzi msomaji, ninaotaka tuutafakari leo, pamoja na hatari inayoukabili.

Kwanza tuulize matrekta haya yalifikaje hapa. Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa wanajeshi waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale mwaka wa 1926. Baada ya Vita vya Pili, mhandisi Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alileta sokoni trekta dogo la kijivu lililojulikana kama TE20. Kati ya mwaka wa 1946 na 1956, kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliunda zaidi ya 500,000 ya aina hiyo. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa mikono mitatu ya nyuma inayoendeshwa kwa haidroliki, ambayo hulifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Baadaye zilifuata Massey Ferguson 35, na kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1964, Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu.

Uhuru ulipobisha hodi, mashamba makubwa yalianza kubadilisha wenyewe. Mpango wa kuwapa Waafrika makao katika ekari milioni moja ulianza mwaka wa 1962, na makampuni ya wananchi yakachanga fedha kununua mashamba mengine. Trekta nalo likahama mikono pamoja na ardhi. Mwaka wa 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya aina ya 611, mbegu iliyodai shamba lililotayarishwa vizuri na mapema. Upande wa Bungoma, kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka wa 1975 na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka wa 1978. Miwa hudai kulimiwa chini sana, kisha hudai kubebwa. Ndivyo sehemu hizi mbili jirani zilivyojikuta zikitegemea mashine zilezile, na baada ya muda, mafundi walewale.

Kwa nini mashine hizi hazijafa? Sababu moja ni wepesi wa muundo wake. Hazina kompyuta, na fundi aliye na spana, nyundo na masikio mazuri anaweza kuifungua injini chini ya mwembe na kuifunga tena. Sababu ya pili ni kwamba wajukuu wake wamesambaa duniani. Kampuni ya TAFE ya India na ile ya Millat ya Pakistani ziliendelea kuunda matrekta yenye asili ya Massey Ferguson kwa miongo mingi. Kiwanda cha Coventry kilifunga milango mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini pistoni, ringi na gasketi bado zinapatikana madukani. Mwanaisimu hawezi kuyaona haya bila kuikumbuka kazi yake. Kipuri cha 135 huingia katika 240 kwa sababu zilezile zinazomfanya Mbukusu aseme *omundu* na Mswahili aseme *mtu*: mzizi ni mmoja, na anayeujua mzizi hapotei katika matawi.

Lakini chuma peke yake hakijirekebishi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipita katika karakana za eneo hili nikikusanya msamiati wa ufundi, na neno lililonivutia kuliko yote si jina la kifaa. Ni kitenzi *kuazima*. Kiswahili hutofautisha *kukopa* na *kuazima*. Anayekopa fedha hulipa nyingine zilizo sawa nazo; anayeazima kitu hurudisha kitu kilekile. Tena kitenzi hiki hutumika pande zote mbili: mimi nimeazima spana kwako, nawe umeniazima spana. Mtoaji na mpokeaji wanatumia neno moja, kana kwamba lugha yenyewe inakataa kuwatenganisha. Ukikiongezea kiambishi cha kutendana unapata *kuazimana*, na hilo, kwa hakika, ndilo jina kamili la maisha ya karakana.

Hebu tutazame linavyotendeka. Fundi mmoja ana kifaa cha kuvulia gia kwenye shafti, lakini hana cha kupimia nozeli. Mwenziwe upande wa pili wa mji anacho cha pili, hana cha kwanza. Hakuna anayeandika mkataba. Kijana hutumwa kwa pikipiki, na jioni kifaa kimerudi. Mwenye trekta lililokufa hukubali pampu yake ya dizeli ifunguliwe ili imfae jirani msimu wa kulima, kwa ahadi kwamba msimu ukiisha pampu itarudi mahali pake. Trekta likikwama shambani kwa kuingiwa na hewa kwenye mafuta, dereva wa trekta jingine husimama bila kuitwa. Hulegeza nati ya chujio, husukuma mkono wa pampu mpaka mapovu yakome, kisha hufuata kwenye nozeli. Hadai malipo, kwa kuwa anajua kesho ni zamu yake. Wahenga walionya kuwa kukopa arusi, kulipa matanga. Kuazimana hakuna matanga, mradi kila mtu arudishe.

Na hapo pana fundo. Asiyerudisha hupelekwa mahakama isiyo na hakimu. Habari zake hutangulia kila anakokwenda, na siku atakapohitaji jeki ataambiwa imeazimwa. Adhabu hiyo haina kelele, lakini sijasikia nyingine iliyo kali zaidi katika ufundi huu.

Msamiati wenyewe wa karakana ni ushahidi kwamba kuazima si jambo geni kwetu. *Parafujo* tuliipata kwa Wareno, *karakana* ina asili ya Kiajemi, *gari* lilitoka Bara Hindi, *spana* na *plau* tukazitwaa kwa Waingereza, na *nyundo* tukabaki nayo tangu kwa mababu wa Kibantu. Lakini msomaji makini atagundua tofauti moja kubwa. Mreno hakupungukiwa na neno lake tulipolichukua. Spana ikiazimwa, mwenyewe hubaki mikono mitupu. Neno likiazimwa, hubaki na wote wawili. Maarifa ni ya jamaa ya neno, si ya jamaa ya spana. Anayemfundisha mwenziwe jinsi ya kusikiliza injini kwa fimbo ya chuma, ncha moja kwenye silinda na nyingine sikioni, hasahau alichofundisha.

Ikiwa ni hivyo, mbona mafundi wanaoazimana spana kwa moyo mkunjufu mara nyingine huwanyima wenzao maarifa? Nimewaona wazee wanaompa jirani kifaa cha thamani bila kusita, lakini wanapofika mahali pa kurekebisha muda wa pampu humtuma mwanafunzi wao akanunue sigara. Sababu inaeleweka. Spana itarudi, bali siri ikishatoka haitarudi, nayo siri hiyo ndiyo unga wa watoto nyumbani. Udugu huu basi una mipaka yake, na ni unafiki kuusifu bila kuitaja. Mpaka mwingine ni wa kijinsia: msichana anayetaka kushika spana bado hutazamwa kama aliyepotea njia.

Matokeo ni kwamba sehemu iliyo bora zaidi ya elimu hii imo vichwani mwa watu wanaozeeka. Fundi anayejua kwamba injini ya aina fulani hukohoa kwa sababu moja asubuhi na kwa sababu nyingine mchana hajaandika popote. Kitabu cha mtengenezaji, kama kipo, ni cha Kiingereza, na aghalabu kimepotea zamani. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wa Kitale una makumbusho ambayo chimbuko lake ni mkusanyo wa mlowezi mmoja, Stoneham, aliyehifadhi wadudu na mimea kwa bidii kubwa. Si vibaya kumhifadhi kipepeo. Lakini ni ajabu kwamba tunajua jina la kila kipepeo aliyechomwa pini, na hatujui majina ambayo fundi wa mtaa wa pili huzipa sauti kumi za injini inayougua.

Wapo watakaonipinga. Watasema trekta kuukuu ni dalili ya umaskini, na kwamba mkulima wa leo anahitaji mashine mpya. Sikatai. Mengi ya matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka, na kwa mengine, shafti inayozunguka nyuma imepoteza kifuniko chake na inaweza kuinasa nguo ya mtu kufumba na kufumbua. Kuhifadhi trekta pamoja na hatari zake si kuhifadhi bali ni kucheza na roho za watu, na udugu wa kweli ungeanza kwa kuazimana kifuniko hicho. Ila mwenye ekari tatu, baada ya shamba la babu kugawanywa mara mbili, hawezi kununua trekta jipya. Hukodi la jirani, na la jirani ni kuukuu. Fauka ya hayo, mashine mpya nayo itazeeka. Swali ni kama siku hiyo kutakuwa na watu wanaojua kuirekebisha, na wanaoaminiana kiasi cha kusaidiana.

Wengine watanikumbusha kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ni ya kweli kwa anayetegemea upande mmoja tu. Haimhusu anayepokea leo na kutoa kesho.

Sasa niseme na walimu na wanafunzi, ambao ndio niliowakusudia. Mtaala wetu wa umilisi unadai mwanafunzi atende, asikariri tu. Mwalimu wa Kiswahili wa Kiminini au Kimilili hahitaji kungoja vifaa kutoka Nairobi, kwa kuwa karakana iko kando ya barabara. Awape wanafunzi wake, wavulana kwa wasichana, kazi ya muhula mmoja: kila kikundi kimtembelee fundi mmoja, kwa idhini yake, kiandike hatua za kazi moja tu. Kiandike jinsi ya kutoa hewa kwenye mafuta, jinsi ya kukata gasketi ya karatasi kwa kugongagonga kwa nyundo, au jinsi ya kuulinganisha mkono wa plau. Wayaandike maneno ya fundi kama anavyoyatamka. Akisema *spea*, wasimsahihishe kuwa *vipuri*. Waandike yote mawili. Kisha wamsomee alichosema, naye awasahihishe.

Vyuo navyo visijitenge. Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii. Daftari hizo za shule zikikusanywa na vyuo hivyo, zikalinganishwa na kuchapishwa kwa Kiswahili sanifu chenye maelezo ya lugha za nyumbani, tutapata kitabu cha ufundi wa trekta ambacho mkulima wa kawaida anaweza kukisoma. Fundi aliyetoa maarifa atajwe jina lake kwenye jalada akiridhia, na mapato yakiwepo agawiwe. Mzee aliyemtuma mwanafunzi akanunue sigara hakuwa mchoyo kwa asili. Hakuwahi kuhakikishiwa kwamba akitoa siri yake atakumbukwa.

Kazi hii ianze kabla ya matayarisho ya mashamba ya msimu ujao, wakati mafundi wana nafasi ya kuzungumza. Machi ikifika watakuwa chini ya matrekta, na hakuna atakayekuwa na muda wa kumjibu mwanafunzi mwenye kalamu.