Aliyeanza na vijiti vya mianzi

Iguig ni mji mdogo wa mkoa wa Cagayan, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Huko, mwaka 1946, mkulima wa mpunga alipata mtoto wa kiume, Diosdado Banatao, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Dado. Shuleni alikwenda pekupeku, na hesabu za mwanzo alizifanya kwa vijiti vya mianzi, kama wengi wetu tulivyozifanya kwa vizibo vya soda.

Manila, katika chuo cha Mapúa, alisomea uhandisi wa umeme. Ajabu ni kwamba alipohitimu alikwenda kujifunza urubani katika shirika la ndege la nchi yake. Boeing ikamchukua Marekani, kwenye usanifu wa ndege ya 747. Kazi hiyo ilipokwisha hakurudi kwao. Aliingia Stanford, na mwaka 1972 akatoka na shahada ya uzamili.

Wengi wakimsimulia hukimbilia utajiri wake. Mimi hunivutia zaidi ufundi wa kupunguza. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, kampuni iliyotaka kuunda inayofanana nayo ilibidi ipange chipu kadhaa wa kadhaa kwenye bodi moja, kila moja na kazi yake, kila moja na bei yake. Banatao na wenzake, katika kampuni ya Chips and Technologies, walizikusanya kazi hizo katika chipu 5 tu. Bodi ikawa ndogo, gharama ikashuka, na hata kiwanda kisicho na jina kikaweza kuunda kompyuta. Baadaye Intel iliinunua kampuni hiyo.

Mwaka 1989 alishiriki kuanzisha kampuni nyingine ya chipu, S3. Wakati huo prosesa ndiyo iliyobeba kazi ya kuchora kila dirisha kwenye skrini, nayo ilielemewa. Chipu ya S3 ya mwaka 1991 iliitua mzigo huo. Waliipa namba 911, kwa heshima ya gari la Porsche.

Na nyumbani? Kwa mkewe, Maria, alipata watoto 3. Wawili wa kiume walishika njia yao: walianzisha kampuni ya resini zenye malighafi ya mimea, zinazotumika kuundia mbao za kuteleza mawimbini. Mtoto wa fundi hurithi mikono, si lazima arithi karakana.

Iguig hakuisahau. Shule ya msingi aliyosomea aliijengea kituo cha kompyuta, na vijana wa Kifilipino wanaosomea sayansi na uhandisi wakapata ufadhili.

Kama kuna kompyuta ya miaka ya 1990 inayokula vumbi stoo kwako, usiiuze chuma chakavu kwanza. Ifungue, uipulize, utazame chipu ya kadi ya picha. Huenda ukakuta imeandikwa S3.