Kuhifadhi Tarakilishi Pepe: Mipangilio ya Kina ya Kazi za Nakala Rudufu

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamewafikia wasomi wa leo kwa sababu kuna waliokaa chini wakayanakili. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidiana na William Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, takribani miaka 100 baada ya malenga huyo kufariki. Msomi yeyote wa fasihi aliyewahi kulinganisha nuskha mbili za utenzi mmoja anafahamu kwamba kuwapo kwa nakala si hoja inayojitosheleza. Hujiuliza nakala hiyo ilitolewa wapi, lini, na iwapo mnakili aliruka beti.

Maswali hayo hayo yanaikabili kazi inayohifadhiwa leo katika tarakilishi. Rekodi za ngano na nyimbo zilizokusanywa nyanjani, tasnifu, mikusanyo ya matini za kiisimu na alama za wanafunzi aghalabu hukaa katika seva, na seva nyingi siku hizi ni tarakilishi pepe. Makala haya yanadhamiria kueleza namna nakala rudufu za tarakilishi hizo zinavyopangwa, hususan ile mipangilio ya kina ambayo mtumiaji wa kawaida huiruka kwa kudhani ni ya wataalamu peke yao.

Istilahi na misingi

Tarakilishi pepe ni tarakilishi isiyo na mwili wake yenyewe. Mashine moja yenye chuma na nyaya huendesha programu simamizi, nayo programu hiyo huigawa nguvu ya mashine kwa tarakilishi kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370. Lililoleta mapinduzi ni kuanzishwa kwa kampuni ya VMware mwaka 1998, iliyowezesha jambo hilo katika mashine za bei nafuu. Wapo wanaolipinga neno "pepe" kwa kuwa pepe ni punje tupu ya nafaka, ganda lisilo na kiini. Pingamizi lao lina mashiko ya kileksia, ila barua pepe imekwisha kulipitisha neno hilo, na si rahisi kulirudisha lilikotoka.

Diski ya tarakilishi pepe ni faili moja kubwa ndani ya mashine mama. Kwa hiyo nakala rudufu haichukui hati tu, bali nyumba nzima pamoja na fanicha zake: mfumo endeshi, programu, hifadhidata na mipangilio yote. Agizo linaloitaja mashine ya kunakiliwa, mahali pa kuiweka nakala na saa ya kufanya hivyo huitwa kazi. Mambo hayo matatu huonekana wazi wakati wa kuiunda kazi. Mengine yote hufichwa nyuma ya kitufe kimoja chenye maandishi ya mipangilio ya kina. Programu ya kampuni ya Veeam, iliyoasisiwa mwaka 2006, itatumiwa hapa kama kielelezo kwa kuwa imeenea, japo dhana zenyewe zinapatikana katika programu nyingine za aina hiyo.

Mnyororo wa nakala

Uamuzi wa kwanza unahusu umbo la mnyororo. Nakala kamili hubeba diski yote. Nakala ya nyongeza hubeba tu yale yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Ili kuirejesha mashine kama ilivyokuwa Alhamisi, programu huisoma nakala kamili ya Jumamosi na nyongeza zote hadi Alhamisi. Ikiharibika nyongeza ya Jumatatu, basi Jumanne, Jumatano na Alhamisi zimekwenda nayo, sawa na kitabu kilichonyofolewa sura ya tatu kisha msomaji akatakiwa aielewe ya sita.

Ndiyo maana mnyororo hukatwa kila baada ya muda kwa nakala kamili mpya. Inaweza kusomwa upya kutoka kwa mashine yenyewe, jambo linaloielemea mashine hiyo, au ikaundwa kwa kuziunganisha nakala kamili ya zamani na nyongeza zake ndani ya hifadhi, mashine ikiachwa ipumzike. Njia hii ya pili inapendeza, ila mzigo wake huangukia diski za hifadhi. Ipo pia njia ya nyongeza kinyume, ambapo nakala mpya kabisa ndiyo huwa kamili, na zile za zamani hugeuzwa kuwa nyongeza za kurudi nyuma. Kila bloku hapo huhitaji hatua tatu: kuisoma ya zamani, kuiandika kando, na kuiandika mpya mahali pake. Katika diski za mwendo wa kinyonga, kazi ya saa 2 huweza kufika alfajiri.

Hapa ndipo hesabu ya nafasi huwakosesha wengi. Chukulia mashine yenye data ya GB 500, inayobadilika kwa asilimia 5 kila siku, yaani GB 25, na kazi iliyoagizwa kuhifadhi nakala 7 pamoja na nakala kamili kila wiki. Tukiacha ubanaji kando, mnyororo mmoja wa wiki ni GB 500 na nyongeza 6 za GB 25, jumla GB 650. Mpangaji hununua diski ya GB 800 akiamini amejiachia nafasi. Kumbe mnyororo wa zamani haufutiki pindi mpya unapoanza, kwa kuwa nyongeza zake hazina maana bila nakala kamili iliyozizaa, na agizo la nakala 7 bado halijatimizwa na mnyororo mpya. Husubiri hadi mnyororo mpya nao ufikishe 7. Wakati huo hifadhi hubeba nakala 14 na GB 1,300. Kwenye diski ya GB 800 kazi hushindwa mapema, katika nakala kamili ya pili tu.

Kugandisha na kufuatilia mabadiliko

Tarakilishi pepe hunakiliwa ikiwa kazini. Programu simamizi huchukua picha ya papo hapo, ambapo diski ya asili husitishwa kuandikwa na mabadiliko mapya huelekezwa katika faili ya pembeni hadi unakili uishe. Nakala itokanayo na picha ya namna hiyo, bila maandalizi mengine, inafanana na diski ya mashine iliyokatiwa umeme ghafla. Kwa faili za kawaida si neno. Kwa hifadhidata inayosajili alama za mtihani, nusu ya muamala yaweza kuwa imeandikwa na nusu yake bado iko katika kumbukumbu ya muda.

Mpangilio unaohusika hapa ni ule wa kuiomba programu iliyomo ndani ya mashine itulie kwanza. Katika mifumo ya Microsoft, huduma ijulikanayo kama VSS huziarifu hifadhidata zimalize kuandika, kisha huzuia uandishi kwa muda usiozidi sekunde 10 huku picha ikichukuliwa. Katika Linux, hati fupi za amri hutekelezwa kabla ya picha na baada yake. Hifadhidata nyingi, fauka ya hayo, zina kitabu cha kuorodhesha kila muamala. Mabaharia wa pwani wanakiita batli kitabu cha safari ya chombo, na neno hilo lingefaa sana hapa. Mpangilio wa kina huamua iwapo batli ya miamala ikatwe baada ya unakili au iachwe. Isipokatwa na kazi yoyote, huvimba hadi ikaijaza diski. Ikikatwa na kazi mbili zisizojuana, hakuna kati yake inayobaki na mfululizo kamili.

Nyongeza zote zinategemea jambo moja: programu kujua kilichobadilika. Tangu toleo la vSphere 4.0 la mwaka 2009, VMware imekuwa na uwezo wa kufuatilia bloku zilizobadilika, hivyo kwamba programu ya nakala haisomi GB 500 ili kupata GB 25, bali huuliza na kupewa orodha. Kasi inayopatikana ni kubwa mno, na karibu kila mtu huuacha mpangilio huu ukiwa umewashwa. Ni sawa kufanya hivyo. Hata hivyo, mwaka 2014 ilibainika kwamba diski iliyopanuliwa kupita kiwango cha GB 128, ufuatiliaji ukiwa umewashwa, iliweza kutoa orodha isiyo sahihi. Programu ya nakala iliuliza, ikajibiwa kwa ujasiri, ikanakili kilichotajwa na kuacha kisichotajwa. Hakukuwa na hitilafu iliyoripotiwa. Mnakili aliyeruka beti hakujua kwamba ameruka. Tiba ilikuwa kuuzima ufuatiliaji, kuuwasha upya na kuchukua nakala kamili mpya, kisha kuweka sahihisho lililotolewa na kampuni. Mwenye kupanua diski leo angefanya vyema kufuata utaratibu huo huo, hata katika matoleo yaliyokwisha kusahihishwa, maana gharama yake ni usiku mmoja tu.

Ubanaji, bloku na usimbaji fiche

Mipangilio ya hifadhi haihitaji maelezo marefu. Ubanaji wa wastani unatosha katika hali nyingi. Viwango vya juu huichosha prosesa kuliko vinavyookoa nafasi. Ukubwa wa bloku huenda na njia: kwa diski iliyo karibu Veeam hutumia MB 1, kwa mtandao wa ndani KB 512, na kwa masafa marefu KB 256. Bloku ndogo hufanya nyongeza kuwa nyepesi, jambo la manufaa kwa kampasi inayotuma nakala zake mjini kupitia mtandao mwembamba. Kubadilisha ukubwa huo hakuna athari yoyote hadi nakala kamili nyingine ichukuliwe, na wengi hulalamika bure kwamba mpangilio haufanyi kazi.

Usimbaji fiche ni suala zito zaidi. Nakala rudufu ya seva ni seva yenyewe, pamoja na majina, alama na barua za watu, na diski yake hutoshea mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja usimbaji fiche miongoni mwa hatua za kulinda data za watu binafsi, na papo hapo inataja uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya tukio la kiufundi. Mambo haya mawili yanavutana. Nywila ya usimbaji ikipotea, nakala inabaki kuwa mrundo wa tarakimu, na hata walioiunda programu hawawezi kuifungua. Vilevile nywila iliyohifadhiwa katika seva ile ile inayonakiliwa haina faida siku seva hiyo inapokufa. Mahali pake ni karatasi iliyofungiwa ndani ya kasha, katika jengo jingine, na watu wawili angalau wajue ilipo.

Arifa na majaribio

Mpangilio unaopuuzwa kuliko yote ni wa arifa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi aliyechoka alifuta takribani GB 300 za hifadhidata akidhani yumo katika seva ya akiba, ilhali alikuwa katika seva kuu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data. Ilipotafutwa nakala ya kila siku, hifadhi ilikutwa tupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindwa kila siku. Ilitoa taarifa ya kushindwa kwake kwa barua pepe, nazo barua hizo zilikataliwa na seva ya posta kwa kukosa saini iliyotakiwa. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio, kwa sababu isiyohusiana na nakala rudufu kabisa. Kazi ya saa hizo 6 haikurudi. GitLab yenyewe ilieleza hayo yote hadharani, na inastahili pongezi kwa hilo.

Kutokana na tukio hilo inaonekana kwamba arifa ya kushindwa peke yake ni dhaifu, kwa maana kimya huweza kumaanisha heri au kumaanisha kwamba mjumbe amekufa njiani. Ni bora kazi iagizwe kutuma arifa hata inapofaulu, ikieleza ukubwa wa nakala na muda uliotumika. Nyongeza ya GB 25 inayogeuka ghafla kuwa MB 3 ni habari, hata kama rangi yake ni ya kijani. Ikigeuka kuwa GB 400 pasipo sababu, yumkini kuna programu hasidi inayosimba faili zote za seva.

Upo pia ukaguzi wa afya, ambao huzisoma upya bloku zilizohifadhiwa na kulinganisha alama zake za utambulisho na zile zilizoandikwa siku ya kunakili. Huu hugundua diski inayooza. Haugundui kosa kama lile la 2014, kwa kuwa bloku iliyonakiliwa vibaya imehifadhiwa vizuri kabisa. Kosa la aina hiyo hufichuliwa kwa kuirejesha mashine na kuiwasha. Veeam na programu nyingine huweza kuiwasha moja kwa moja kutoka katika nakala, ndani ya mtandao uliotengwa ili isigombane na ile iliyo kazini. Kutengwa huko ni sharti, kwani seva mbili zenye anwani moja zikionana mtandaoni, watumiaji watajikuta wakiandika katika ile ya jaribio. Mashine ikishawaka, haitoshi kuona skrini ya kuingilia. Hifadhidata yafaa iulizwe rekodi ya jana, na faili moja ya sauti ifunguliwe na kusikilizwa hadi mwisho wake.