Vila Katikati ya Mpunga: Mandhari Inauzwa, Mkulima Anapata Nini?

Swali hili linanijia sana siku hizi kutoka kwa vijana wenye majaruba karibu na barabara kuu au maeneo ya watalii: "Afisa, kuna mtu anataka kukodi ekari yangu kwa miaka mingi ajenge nyumba za wageni. Nimpe?" Wengine wananitumia na picha, na picha karibu zote ni za kisiwa cha Bali, Indonesia: nyumba iliyojitenga, paa la nyasi, bwawa la kuogelea, na pande zote mpunga wa kijani. Basi leo tuiangalie hiyo Bali kwa jicho la mkulima.

Tuanze na kinachouzwa pale. Bwawa la kuogelea lipo kila nchi. Mgeni anayelala vila ya Ubud analipia mpunga anaouona akifungua dirisha, na mpunga ule haujioti wenyewe. Kuna mtu anaamka alfajiri kuziba tuta lililovuja, kusafisha mfereji na kufukuza ndege. Yeye ndiye anayetengeneza mandhari, ila bili ya chumba haiendi kwake.

Pia mkulima huyo hafanyi kazi peke yake. Bali wana jumuiya za umwagiliaji zinazoitwa subak, zenye historia inayorudi hadi karne ya 9. Wote wanaotumia mfereji mmoja wanakutana, wanagawana maji, na wanakubaliana nani apande lini. Ratiba hiyo inaratibiwa kupitia mahekalu ya maji, kwa sababu kwao maji, ibada na kilimo ni jambo moja. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza mandhari ya subak katika orodha ya urithi wa dunia.

Usidhani ni mila tu. Miaka ya 1970 serikali yao ilihimiza mbegu mpya za muda mfupi na kupanda mfululizo bila kusubiriana. Mwanzoni mavuno yalipanda, kisha wadudu na magonjwa vikalipuka, maana kila wakati kulikuwa na shamba bichi la kuhamia. Mtafiti Mmarekani J. Stephen Lansing alionyesha kwamba ile ratiba ya mahekalu ilikuwa na kazi ya kisayansi: mashamba ya eneo zima yakipumzika pamoja, wadudu wanakosa chakula. Hata sisi tunalijua hili. Jaruba lililoiva peke yake ndilo linalomalizwa na kwelea kwelea.

Sasa weka vila moja katikati ya mfumo huo. Mfereji uliopita hapo unasogezwa au unazibwa, na wa chini anakosa maji. Panya na ndege wa eneo zima wanabanana kwenye majaruba machache yaliyobaki. Bei ya ardhi inapaa, jirani naye anashawishika, inajengwa vila ya pili, ya tatu. Mwisho wa siku mgeni anafungua dirisha anaona ukuta wa vila nyingine. Yaani biashara imekula kile kile ilichokuwa inauza.

Wakulima wa Tegallalang, karibu na Ubud, waliwahi kulionyesha hilo kwa vitendo. Watalii walikuwa wanajaa kupiga picha, wao hawaoni faida. Wakasimamisha mabati kwenye matuta, picha zikaharibika. Ujumbe ukafika bila hotuba: mandhari ina mwenyewe.

Turudi kwenye ekari yako. Kabla ya kusaini, fanya haya manne.

Moja, piga hesabu ya miaka yote. Tuseme unapata gunia 25 kwa ekari, unauza shilingi 80,000 kila moja: hiyo ni 2,000,000. Toa gharama 1,200,000, unabaki na 800,000. Ukivuna mara mbili kwa mwaka ni 1,600,000. Kwa miaka 25 ni milioni 40, na hapo bei ya mpunga hatujaipandisha hata senti. Weka namba zako halisi. Mtu akikuwekea milioni 10 taslimu mezani zinaonekana nyingi kwa sababu umeziona kwa mkupuo.

Mbili, kumbuka jaruba halirudi. Chini ya tope lako kuna tabaka gumu linaloshika maji, lililojengwa na misimu mingi ya kuvuruga. Ukishamwaga kifusi na zege, hata mkataba ukiisha hukabidhiwi jaruba, unakabidhiwa kiwanja.

Tatu, nenda kwenye chama cha wamwagiliaji na serikali ya kijiji kabla ya kuchukua hata shilingi ya utangulizi. Ardhi ni yako, lakini mfereji ni wa wote. Uliza pia maji machafu ya hiyo nyumba yatatokea wapi. Jibu likiwa "tutaona", ujue yatatokea kwenye majaruba ya wenzako.

Nne, kama eneo lako kweli lina wageni, uza mandhari na mpunga ubaki. Jatiluwih, kule kule Bali, wageni wanalipa kiingilio kutembea kati ya mashamba, na mchele mwekundu wa hapo una jina. Nawe unaweza kukodisha kile kipande cha juu, kikavu, kisichofikiwa na maji, huku majaruba yakiendelea kulimwa. Ila andikeni kwenye mkataba: malipo ya kila mwaka yanayopitiwa upya, sehemu ya mapato iende kwenye usafi wa mfereji, na mchele wa jikoni ununuliwe kwenu. Mwekezaji anayehitaji mpunga wako ubaki kijani ana sababu ya kukubali. Akikataa yote matatu, anataka kiwanja tu, na viwanja vipo mlimani.

Kijana, bei ya ardhi yako anaitaja mwenzako kwa sababu wewe hujaandika ya kwako. Chukua daftari leo, andika magunia ya misimu mitatu iliyopita na gharama zake, uende nalo kwenye mkutano wa chama. Mkataba uusome ukiwa na hizo namba mkononi.