Walafi wa Pretoria

Paukwa! Pakawa!

Hadithi yangu leo haina sungura wala fisi. Wahusika wake ni bakteria, wadogo kiasi kwamba tone moja la majitaka kwao ni mji mzima. Na ni walafi!

Mmeyaona magugu maji ya Ziwa Viktoria, yale ya maua ya zambarau yanayoziba njia ya mitumbwi? Kinachoyanenepesha, pamoja na mengine, ni fosfeti. Inatoka kwenye mbolea, kwenye sabuni na, msicheke, kwenye mikojo yetu. Dawa ni kuitoa kabla maji hayajafika ziwani. Lakini utaikamataje? Imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, chujio haliioni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi wa Afrika Kusini aitwaye James Barnard alikuwa Daspoort, Pretoria, kwenye mtambo mdogo wa majaribio. Alichokuwa akikitafuta ni namna ya kuondoa nitrojeni. Ikaondoka, na fosfeti nayo ikatoweka! Nani kaichukua?

Sogeeni niwaambie. Katika tangi la kwanza hakuna oksijeni. Bakteria wengi humo wamelegea, hoi. Walafi wetu wana akiba: fosfeti waliyoitunga ndani ya miili yao kama shanga kwenye uzi. Wanakata shanga, wanapata nguvu, na kwa nguvu hiyo wananyakua asidi ya namna ya siki iliyomo majini na kuificha. Shanga zilizokatwa wanazitema. Ukipima maji saa hiyo utakuta fosfeti imeongezeka, na utaapa kwamba mtambo umeharibika.

Subiri kidogo. Tangi la pili linapulizwa hewa kutoka chini, linatokota kama chungu cha maharage. Walafi wanachoma kile walichoficha, wanazaana, na wanatunga shanga upya, nyingi kuliko walizotema. Kisha wanatuama chini pamoja na tope. Tope likizolewa, fosfeti imo humo humo, na ikitayarishwa vizuri inarudi shambani kuwa mbolea.

Mwaka 2011 Barnard alipewa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew huko Singapore. Walafi hawakupewa kitu.

Na metali zilizoyeyuka majini je, nazo zinakamatwaje? Hizo zina bakteria wengine, wanaopumua salfeti badala ya oksijeni na kutoa gesi inayonuka yai viza. Gesi hiyo ikikutana na zinki iliyoyeyuka, vinashikana vikawa punje, punje zinazama. Huko Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kilianza kuwatumia mwaka 1992 kusafisha maji ya chini ya ardhi.

Ninyi wa pwani mmeshakutana na ndugu zao. Maji yakipwa, ingiza mkono kwenye tope la mikoko, uchimbue. Harufu itakayokupiga puani ndiyo gesi yenyewe, na ule weusi utakaobaki kwenye kucha ni chuma ilichokinasa.